Patina za Nyumbani kwa Vipande vya Vito vya Metali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayejitengenezea hereni, vidani, bangili au mikufu, ana shaba mkononi na siki jikoni, na anataka rangi ambayo haipatikani kwenye kopo la dukani. Si lazima uwe sonara. Ila soma swali la kuandaa metali na lile la vitu visivyochanganywa kabla hujafungua chupa yoyote. Mengine unaweza kuyarukia na kuyarudia kadiri unavyoyahitaji.

Patina ni nini hasa?

Ni utando mwembamba unaoota juu ya metali inapokutana na hewa, maji, chumvi, asidi au salfa. Metali yenyewe ni sehemu ya rangi. Shaba nyekundu ikikutana na oksijeni huvaa oksaidi ya wekundu wa kahawia, na moto ukizidi, oksaidi nyeusi. Ikikutana na siki hutoa asetati ya shaba, yenye rangi iliyo kati ya kijani na buluu. Ikikutana na chumvi ya mezani na unyevu hutoa kloraidi za kijani. Fedha haijali oksijeni, lakini salfa kidogo tu huisawijisha.

Sanamu ya Uhuru ya New York ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba. Ilichukua miongo ya mvua na hewa ya bahari hadi ikawa kijani tunachokijua leo. Sisi nyumbani tunataka kufika huko kati ya jioni na asubuhi, na haraka hiyo ndiyo mzizi wa matatizo karibu yote yanayoulizwa hapa. Utando uliokua kwa miaka umeshikamana na metali. Ulioota usiku mmoja mara nyingi umekaa juu juu tu, na kazi kubwa ya fundi ni kuufanya ushike.

Nianze na metali gani?

Shaba nyekundu, wala usihangaike na nyingine mwanzoni. Inaitikia siki, chumvi, amonia, salfa na moto, na ukikosea unaisugua na kuanza upya.

Brasi, yaani shaba ya manjano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Nayo hukubali, ila kwa ubishi, na ina hatari yake ambayo nimeipa swali zima hapa chini. Bronzi, iliyo shaba na bati, hutoa rangi za kahawia nzuri sana. Fedha ya 925 (asilimia 92.5 fedha, iliyobaki kwa kawaida shaba) ni ya salfa tu, usipoteze siki yako. Chuma cha kawaida hutoa kutu, na kutu ikidhibitiwa ni pambo.

Chuma cha pua, alumini na kitu chochote kilichochovywa dhahabu, achana navyo. Viwili vya kwanza vina utando wao wa oksaidi unaovikinga, na dhahabu haina habari na siki wala salfa ya yai. Jihadhari pia na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani: hakina fedha hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki.

Kipande changu kina rangi ya shaba lakini hakishiki chochote. Kwa nini?

Ama kimechovywa, ama kimepakwa vanishi. Vipande vingi vya kiwandani, kama vile kulabu za hereni, vifungio na visahani vilivyokatwa tayari, ni chuma au mchanganyiko wa zinki uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Pitisha sumaku: ikivuta, ndani kuna chuma. Isipovuta, chukua tupa ndogo na ukwangue ukingoni, mahali pasipoonekana. Ukiona rangi ya kijivu chini ya wekundu, umepata jibu. Kipande kama hicho kinaweza kushika patina, lakini ngozi ile ni nyembamba na asidi huila haraka, kisha zinki ya ndani huanza kutoa unga mweupe.

Vanishi ni rahisi zaidi. Futa kwa pamba yenye asetoni, rudia mara mbili, kisha osha. Waya wa ufundi unaosifiwa kwamba hausawijiki karibu wote umepakwa kitu, na ndiyo maana hausawijiki.

Nimefuata maelekezo yote, mbona rangi imetoka madoa madoa?

Mafuta. Mara tisa kati ya kumi ni mafuta, na kwa kawaida ni ya vidole vyako mwenyewe. Kidole kilichogusa shaba safi huacha alama isiyoonekana, na asubuhi unaikuta imejichora katikati ya kijani, mistari yake yote ya ngozi ikihesabika.

Kwa hiyo maandalizi yasipuuzwe. Sugua kipande kwa msasa wa namba 320 au 400, ukizungusha mkono ili mikwaruzo isielekee upande mmoja. Uso uliong'arishwa kama kioo unapendeza, lakini patina haina pa kushika. Unahitaji ukwaruzo kidogo. Kisha vaa glavu, osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, pitia nakshi zote na matundu ya kupitishia pete ndogo. Malizia kwa kusugua na bikaboneti ya soda iliyoloweshwa kidogo, halafu suuza.

Sasa jaribio ambalo halidanganyi. Shika kipande kwa kingo, kilaze mshazari chini ya bomba, kisha kiondoe na ukitazame dhidi ya mwanga. Maji yakibaki yametanda uso wote bila kukatika, metali ni safi. Yakikatika na kujikusanya matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuiacha kavu, mafuta bado yapo hapo hapo. Rudia kuosha. Usikaushe kwa taulo la nyumbani, kwani sabuni za kulainishia nguo huacha utando wao. Shika kwa kibano au funga uzi kwenye tundu, ukitundike kikauke.

Sababu ya pili ya madoa ni lehemu. Mahali palipounganishwa hapana shaba ya kutosha, kwa hiyo panabaki mstari wa kijivu. Kama kipande kina maungio mengi, panga muundo wako ili mstari huo ufichike, au uukubali.

Kijani na buluu kwa siki, chumvi na amonia: hatua zake ni zipi?

Hii ndiyo njia inayopendwa kuliko zote, na kwa haki. Tafuta chombo cha kioo au plastiki chenye kifuniko kinachobana, ambacho hakitarudi tena kwenye chakula. Mimina amonia ya kusafishia ya nyumbani, isiyo na rangi wala manukato, kina cha kama sentimita moja. Ndani yake simamisha kitu cha kuinulia kipande juu ya maji, kwa mfano kifuniko cha plastiki kilichogeuzwa, au tundika kipande kwa uzi ulionaswa kwenye mfuniko. Kipande kisiguse amonia. Kinachofanya kazi ni mvuke.

Kabla ya kukiingiza, kinyunyizie siki iliyokorogwa na chumvi hadi chumvi ikaanza kukataa kuyeyuka. Ukiacha matone madogo madogo utapata vidoadoa. Ukilowesha uso wote utapata rangi iliyotanda. Ukitaka vidoa vya rangi kali, nyunyizia chembe chache za chumvi kavu juu ya unyevu. Kila chembe huacha alama yake, wakati mwingine na kiduara cheusi kuizunguka.

Funga, ondoka. Baada ya saa moja utaona buluu inaanza. Ukiacha usiku kucha utapata utando mnene. Kufungua ni nje au kwenye dirisha lililo wazi, uso ukiwa pembeni. Usihukumu rangi ikiwa bado mbichi: kipande kikitoka chomboni huwa na buluu iliyokolea yenye umajimaji, na rangi ya kweli hujitokeza kikikauka hewani kwa saa kadhaa. Kwa jumla chumvi nyingi na amonia huvuta kuelekea buluu, siki nyingi huvuta kuelekea kijani. Joto na unyevu huharakisha mambo, kwa hiyo siku ya baridi kavu usishangae ukisubiri zaidi.

Mara nyingi rangi ya kwanza itakuwa na unga unaopukutika. Suuza taratibu, kausha, piga tena. Tabaka tatu nyembamba hushika kuliko moja nene, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira.

Sina amonia, au harufu yake siiwezi. Kuna njia nyingine?

Ipo, na mimi naiona ina uzuri wake wa pekee. Chukua unga wa mbao au maranda, uloweshe kwa siki yenye chumvi hadi ukiukamua kwa mkono hautoi maji. Fukia vipande humo, funika chombo, chungulia kesho yake. Pale ambapo mbao imegusa metali rangi huwa tofauti na pale palipokuwa na hewa, kwa hiyo unapata michoro isiyoweza kuchorwa kwa mkono. Maranda makubwa huacha mistari mipana, unga laini huacha ukungu. Rangi huwa kijani zaidi kuliko buluu, ikiwa na kahawia na weusi ndani yake.

Usilijaze chombo maji. Metali ikizama kabisa kwenye siki hukosa hewa ya kutosha, na badala ya kupata rangi husafishwa, ikatoka ya waridi kama mpya.

Kwa nini watu wanaonya kuhusu brasi na amonia?

Kwa sababu inaweza kupasuka, na si mara moja. Jeshi la Uingereza lililokuwa India liliona maganda ya risasi ya brasi yakijipasua yenyewe yakiwa yamehifadhiwa wakati wa msimu wa mvua, bila kupigwa wala kuangushwa. Yaliwekwa kwenye mazizi ya farasi, na mkojo wa farasi hutoa amonia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ulieleza chanzo chake: brasi iliyokunjwa au kuvutwa ikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na amonia ikikutana na mkazo huo pamoja na unyevu, nyufa hufunguka kati ya chembe za metali.

Sasa fikiria kulabu ya hereni. Ni waya wa brasi uliovutwa, ukapindwa kwa koleo, pengine ukagongwa kwa nyundo ili ukakamae. Una mkazo kila mahali. Ukae usiku mzima juu ya amonia, halafu wiki kadhaa baadaye unakatika pale pale kwenye pindo, hereni inapotea njiani.

Ushauri wangu: kulabu, pete ndogo za kuunganishia na vifungio vya brasi visiingie kwenye amonia kabisa. Tumia siki na chumvi, au viache viwe na rangi yake. Kwa kisahani bapa cha brasi, kipashe moto kwanza hadi kilainike na ukiache kipoe, ili mkazo utoke. Kisha ukitie rangi, na usikikunje tena baadaye. Shaba nyekundu haina udhaifu huu kwa kiwango hicho, sababu nyingine ya kuipenda.

Yai la kuchemsha kweli linafanya fedha iwe nyeusi?

Kweli kabisa, na kwa bei ya yai. Yai likichemshwa, protini zake zenye salfa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu tunayoijua sote. Duara la kijivu-kijani kuzunguka kiini cha yai lililopitiliza ni gesi hiyo hiyo imekutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini.

Chemsha yai dakika 10 hadi 15, limenye, liponde likiwa bado moto, uliweke kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu au chombo cha kufunga. Fedha iweke ndani lakini isiguse yai, kwani pale linapogusa litaacha doa. Kisha kaa hapo hapo utazame, maana uzuri wote uko njiani: kwanza manjano ya dhahabu, halafu wekundu unaoingia zambarau, halafu buluu, ndipo kijivu na weusi. Ukipenda rangi mojawapo, toa kipande mara moja na ukisuuze kwa maji baridi. Rangi hizo za kati ni nyembamba mno na hufutika kwa kuvaliwa, kwa hiyo ziweke kwenye hereni au sehemu za ndani za kidani, si kwenye pete.

Weusi ndio unaodumu, na kazi yake bora ni kwenye nakshi. Sawijisha kipande chote, kisha futa sehemu zilizoinuka kwa msasa laini sana au kitambaa cha kung'arishia. Mistari iliyozama inabaki nyeusi na mchoro unajitokeza. Shaba nyekundu nayo hukubali yai, ikitoa kahawia hadi weusi. Brasi hukaa kama haijasikia.

Na vile vipande vya salfaidi ya potasiamu wanavyotumia masonara?

Vinafanya kazi ya yai, ila kwa nguvu na kasi zaidi. Yeyusha punje ndogo kwenye maji ya moto yasiyochemka, chovya, toa, suuza, chovya tena. Hifadhi mbali na mwanga na hewa, la sivyo vinakufa. Usivikutanishe na asidi yoyote, hata mabaki ya siki kwenye kipande, kwa sababu hutoa haidrojeni salfaidi kwa wingi, na hiyo ni gesi ya sumu. Ikizidi pua huacha kuisikia. Maji yaliyotumika huzimwa kwa bikaboneti ya soda.

Naweza kupata rangi kwa moto peke yake?

Ndiyo, kwa shaba na chuma. Pitisha mwali wa tochi ya gesi polepole juu ya shaba safi na utaona chungwa, kisha waridi na zambarau, kisha buluu hafifu, kisha mng'ao unaokaribia fedha, na mwisho weusi. Si rangi za dawa yoyote. Ni unene wa oksaidi unaobadilika na kuuchezea mwanga. Kwa sababu metali huendelea kupata joto hata mwali ukiondoka, ondoa moto kabla rangi unayoitaka haijafika. Chuma hufuata mpangilio wake: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220 za Selsiasi, buluu karibu 300.

Waya uliopakwa zinki ili usishike kutu usiuchome hata kidogo. Moshi wake huleta homa.

Vipi kuhusu kutu ya makusudi kwenye chuma?

Ni rahisi na ni ya haraka: siki kwanza, kisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 yenye chumvi kidogo, na kutu ya chungwa huanza mbele ya macho. Ukitaka weusi wenye buluu badala ya chungwa, sugua chuma chenye kutu hafifu kwa chai nzito isiyo na maziwa. Tanini ya majani hushikana na chuma. Kipande cha kutu lazima kizibwe vizuri sana, vinginevyo kitachafua kila nguo kitakayoigusa. Peroksaidi iliyochanganywa na siki isifungiwe kwenye chupa. Hutoa gesi, na chupa inaweza kufumuka.

Ni vitu gani visichanganywe kabisa?

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini haina nafasi kwenye meza hii. Ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini. Ikikutana na siki hutoa klorini yenyewe. Zote hushambulia mapafu. Kuna maelekezo yanayozunguka yanayoshauri kuitumia ili kuharakisha kutu, na kama meza ile ile ina amonia na siki, hatari iko umbali wa kuteleza kwa chupa moja tu. Iache kwenye chumba cha kufulia.

Mengine ni ya kawaida lakini yaandikwe: salfaidi na asidi zisikutane, fanyia kazi penye hewa inayopita, glavu na miwani ya kinga. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa amonia, usijidanganye nayo. Ila ivae unaposugua patina iliyokauka, kwa kuwa vumbi lile ni chumvi za shaba na halifai kuvutwa wala kumezwa. Vyombo, vijiko na brashi vilivyotumika viandikwe alama na visirudi jikoni.

Rangi imetoka nzuri lakini inapukutika. Nifanye nini?

Kwanza kubali kwamba sehemu inayopukutika haikuwa yako. Ikwangue kwa brashi laini chini ya maji, uone kilichobaki. Kilichobaki ndicho kilichoshika, na mara nyingi ni kizuri kuliko ulivyodhani: kijani kilichokaa kwenye mikwaruzo, shaba ya kahawia ikichungulia kati yake. Kikaushe siku nzima, kisha ongeza tabaka jembamba ukiona panahitajika.

Watu hujaribu kuuokoa unga kwa kuupulizia vanishi nene. Vanishi inashika unga, unga haujashika metali, na baada ya muda ganda zima hubanduka kwa pamoja.

Suala jingine ni unga wa kijani mpauko unaorudi wiki kadhaa baada ya kumaliza, hata chini ya vanishi. Hiyo ni chumvi iliyosalia. Kloraidi iliyonaswa chini ya utando hupata unyevu na kuendelea kuila shaba. Kwenye makumbusho tatizo hilo hilo huitwa ugonjwa wa bronzi, na limeharibu vitu vya kale vingi. Dawa yake ni kusuuza kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kuziba, na kukausha hadi ndani ya kila tundu.

Nizibe kwa nta au kwa vanishi?

Inategemea kipande na kiasi cha rangi unachokubali kupoteza. Jambo la kujua mapema ni kwamba kila kizibo kitakolesha rangi. Ile buluu ya vumbi inayopendeza ikiwa kavu inaonekana hivyo kwa sababu kuna hewa kati ya chembe zake. Ukizijaza nta au vanishi, rangi huzama na shaba ya chini huonekana. Ukitaka kujua itakavyokuwa, ilowanishe kwa tone la maji. Sura hiyo ya kulowa ndiyo utakayobaki nayo, karibu kabisa.

Nta ni laini kwa macho na hurekebishika: pasha kipande kidogo, paka nta ya nyuki au nta ya kung'arishia, futa ikipoa, rudia baada ya miezi kadhaa ya kuvaliwa. Inafaa kwa weusi wa fedha na kahawia za shaba. Kwa kijani na buluu, vanishi ya akriliki ya kupuliza ni salama zaidi. Puliza kwa mbali, ukungu mwepesi, acha ukauke, rudia mara tatu au nne. Pulizo la kwanza likiwa zito litazisukuma chembe za rangi na kuzikusanya ukingoni. Napendelea vanishi isiyong'aa. Ile ya kung'aa huifanya patina ifanane na plastiki, na kazi yote inakwenda bure.

Je, ni salama kuvaa?

Kijani cha shaba kina sumu kikimezwa, kwa hiyo kisitumike kwenye chochote cha mtoto mdogo wala kitu ambacho mtu ana tabia ya kukiweka mdomoni. Kwenye ngozi, jasho na shaba hutoa alama ya kijani inayooshwa kwa sabuni. Si ugonjwa, lakini hakuna anayeipenda. Upande unaogusa mwili uache wazi na uupake vanishi, au ugeuze muundo ili patina iangalie nje. Fimbo au kulabu inayopita kwenye tundu la sikio isiwe na patina ya aina yoyote. Pete za kijani sizipendekezi kabisa: mikono huoshwa kila mara na hugonga kila kitu.

Kidani changu tayari kina lulu. Naweza kukitia patina?

Hapana. Lulu, marijani na kombe ni kalsiamu kaboneti, na siki huziyeyusha. Feruzi na opali hunyonya vimiminika na kubadilika rangi. Tia metali rangi kwanza, ziba, kisha panga mawe na shanga mwishoni.

Mbona siwezi kuirudia rangi niliyoipata juzi?

Kwa sababu ulibadilisha vitu vitatu bila kujua. Kiasi cha chumvi, ukubwa wa chombo, joto la chumba, muda, hata maji ya bomba yenyewe, vyote vina usemi. Ukitaka jozi ya hereni zifanane, ziingize pamoja, chombo kimoja, kwa kimo kimoja kutoka kwenye amonia. Hata hivyo zitakuwa ndugu tu, hazitakuwa pacha. Tengeneza vipande zaidi ya unavyohitaji, kisha chagua vinavyokaribiana.

Kwa majaribio, kata vibati vidogo vya shaba, toboa tundu, na ukwaruze namba nyuma ya kila kimoja kwa ncha ya chuma. Wino hauponi humo. Daftarini andika namba, mchanganyiko, saa ya kuingia na kutoka, na hali ya hewa. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Baada ya muda unakuwa na kamba ya vibati inayofaa kuliko maelekezo ya mtu yeyote, ukurasa huu ukiwemo.

Nimeichukia rangi. Inafutika?

Karibu yote. Kijani na buluu huondoka kwa siki ya moto yenye chumvi na mswaki. Weusi wa fedha huondoka ukikiweka kipande juu ya karatasi ya alumini, ndani ya maji ya moto yenye bikaboneti ya soda. Salfa huhamia kwenye alumini na fedha inarudi. Vanishi itoe kwanza kwa asetoni.

Maji yaliyotumika niyamwage wapi?

Usiyamwage mtoni, bwawani wala kwenye bustani. Shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki na viumbe wa majini hata ikiwa kidogo. Siki iliyogeuka buluu au kijani itumbukizie nyuzi za chuma za kusugulia masufuria uiache usiku mmoja: chuma huyeyuka na shaba hujibandika juu yake kama tope jekundu. Ongeza bikaboneti ya soda polepole hadi povu liishe, acha ichuje, kusanya tope na nyuzi zake uzipeleke panapopokelewa taka za kemikali. Amonia iliyobaki usiimwage mahali palipotoka kumwagwa dawa yenye klorini. Iache wazi nje, mbali na watoto na wanyama, ipungue nguvu kwanza.